Jirani wa Chini ya Mto: Safari Yangu ya Kwanza Marangu

Mto Pangani unapofika kwetu umeshafanya kazi zake zote. Umezungusha mitambo ya umeme ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ya Hale na ya Pangani Falls. Umemwagilia mpunga na miwa, umenywesha ng'ombe wa Wamaasai na mbuzi wa Wapare, umekatiza wilaya baada ya wilaya kwa mwendo wa kilomita zipatazo 500, ndipo unaingia Bahari ya Hindi mbele ya macho yetu, pale kivuko kinapovusha watu kwenda Bweni. Nimezaliwa kando ya maji hayo na nimekulia hapo. Huko yanakotoka sikuwahi kufika.

Mto tunaoupokea sisi siku hizi una upungufu. Kiangazi kikikaza, maji matamu hupungua na bahari hupanda mtoni. Mashamba ya kando yanaingiwa na chumvi, minazi inakauka makuti, na akina mama wanatembea mbali zaidi kutafuta kisima kisicho na magadi. Baharini nako hakuna nafuu. Kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee wetu walikijua kikiwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga mayai, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwenye baraza za kahawa mazungumzo haya huishia kwenye lawama ile ile: watu wa juu wanatumalizia maji.

Sisi Waanglikana wa Pangani ni wachache. Tunaishi kwa wema na ndugu zetu Waislamu, tunazikana, tunaalikana sikukuu, tunachota visima vimoja. Lakini kanisani kwetu habari ya mto ilikuwa haiingii. Tulihubiriwa tumaini, na tumaini hilo lilikuwa la mbinguni tu. Mvuvi aliyekosa samaki na mkulima aliyepoteza minazi yake walipiga magoti, wakaombewa, wakarudi kwenye chumvi ile ile. Kwa muda mrefu nilijiuliza: imani yetu ina neno gani la kumwambia mtu ambaye shamba lake linaliwa na bahari? Tumwambie avumilie, basi?

Swali hilo nilimuuliza mchungaji mmoja wa Kilutheri kutoka upande wa Marangu, tulipokutana kwenye semina ya makanisa mjini Tanga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, njoo kwetu masika yakianza. Watu wengi huja kuutazama mlima. Wewe njoo uone watoto wa kipaimara wanavyopanda miti, halafu tuzungumze."

Ndivyo nilivyosafiri. Niliondoka Pangani alfajiri kwa basi dogo la Muheza, vumbi la barabara ya Boza likiwa limelazwa na manyunyu ya usiku. Muheza nikapanda basi la Tanga kwenda Arusha, nikapata kiti cha dirishani upande wa kushoto. Hale tukavuka daraja, na chini yake nikauona mto wangu ukiwa mwekundu kwa udongo wa mvua za kwanza. Tukaingia kwenye mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi miguuni mwa milima. Korogwe tukauvuka tena. Abiria wakashuka kununua machungwa na mayai ya kuchemsha. Kuanzia Mombo ukuta wa Usambara ulisimama kuliani kwetu, na kushoto nyika ikafunguka, ambako mto unapita mbali na barabara bila kuonekana.

Karibu na Makanya nchi ilibadilika kabisa. Udongo mkavu, migunga, mbuzi kwenye kivuli cha nguzo. Mama wa Kipare aliyekaa pembeni yangu aliona ninavyoshangaa. Akanielekeza kwa kidole milima iliyo juu ya tambarare ile na kunieleza habari za ndiva, mabwawa madogo ambayo wazee wao walichimba ili kulaza maji ya usiku na kuyafungulia asubuhi kwa zamu. "Huku kwetu maji ni ya ratiba," alisema. "Ukichukua siku isiyo yako, umemnyima mtu chakula." Nikayaweka maneno yake moyoni, nami sikujua kwamba nitayasikia tena madhabahuni.

Himo nilishuka, nikapanda Noah ya kwenda Marangu Mtoni. Kila kona tuliyopanda hewa ilizidi kuwa baridi na kijani kikazidi kufunga. Mlima wenyewe haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameufunika tangu mabegani, na watu waliniambia kwa upole nisiwe na haraka.

Yeyote aliyezoea minazi na mchanga atasimama kidogo akiingia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, kwa mara ya kwanza. Juu kabisa kuna miti mirefu, mringaringa na mruka, inayotoa kivuli chepesi. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe hafunguliwi. Analishwa zizini, na samadi yake inarudi shambani. Hakuna kipande cha ardhi kilichoachwa wazi kwa jua. Kahawa iliingia huku mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, ikapokelewa chini ya kivuli kilichokuwapo tayari. Katikati ya yote hayo unasikia maji yakipita usiyoyaona. Hayo ni maji ya mfongo, mfereji wa asili uliochimbwa na koo za zamani kutoka kwenye vijito vya juu, ukizungushwa kwenye miteremko kwa ustadi ambao mhandisi wa leo angeuheshimu.

Mama mchungaji alinikaribisha kwa mtori wa moto. Jioni hiyo baba mchungaji alinisimulia kwamba hapo hapo Marangu, mwaka 1955, Walutheri wa Afrika walikutana kwa mara ya kwanza kama bara zima, wakati nchi nyingi bado zilikuwa chini ya wakoloni. Walikaa kujadili kanisa lisimame vipi katika zama zinazobadilika. "Wale walikuwa na maswali ya uhuru," alisema. "Sisi tuna maswali ya mvua. Mungu ni yule yule."

Jumapili nilikwenda ibadani. Bendi ya tarumbeta ilitangulia, na wazee wa kanisa waliovaa makoti walinishika mkono kwa "Bwana Yesu asifiwe". Mahubiri yalihusu amri ya kutoiba. Nilitarajia kusikia habari za wezi wa kuku na mafisadi. Mchungaji akaanza na mfongo. Alisema kuna watu wanaamka saa nane usiku, wanafungua tuta la udongo na magome ya mgomba, wanageuza maji yaingie kwao, na asubuhi wanakuja kanisani wakiwa wameoga. Alisema aliyeiba zamu ya maji ameiba ugali wa mtoto wa jirani. Kisha akashuka mlima kwa maneno: kutoka jirani wa kihamba cha pili hadi wakulima wa Kahe kwenye tambarare, hadi wavuvi wa Nyumba ya Mungu, hadi Korogwe, hadi "ndugu yetu mgeni aliyetoka Pangani, ambaye amekaa pale, simameni mumwone, huyo ndiye jirani yenu wa mwisho."

Watu wakageuka kunitazama. Nami niliwatazama, na kwa mara ya kwanza maishani wale niliokuwa nikisikia wakiitwa "watu wa juu" walikuwa na nyuso: bibi mwenye kitenge cha kijani, kijana wa bodaboda mwenye kofia mkononi, watoto wa kipaimara kwenye benchi la mbele. Baada ya ibada palikuwa na mnada uwanjani, kama ilivyo desturi yao. Mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, halafu miche ya mringaringa iliyotolewa sadaka na familia isiyo na fedha. Miche ile iligombewa kwa bei kubwa kuliko jogoo.

Kazi yenyewe ya kupanda miti ilifanyika siku iliyofuata. Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imejulikana kwa muda mrefu kwa kuifanya miti kuwa sehemu ya mafundisho ya kipaimara. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, ameisukuma kazi hiyo kwa bidii hata marafiki wa kanisa huko Ujerumani wakampa jina la askofu wa miti. Nilikuwa nimelisikia jambo hili kwa mbali na kudhani ni sherehe ya siku moja, mgeni rasmi akishika mche huku akipigwa picha. Nilichokikuta ni tofauti.

Kitalu kilikuwa nyuma ya darasa la Jumapili. Viriba vyeusi vilipangwa kwa safu chini ya uchanja uliotandikwa majani ya migomba. Msichana wa miaka kama kumi na minne alinionyesha wanavyochanganya udongo: udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga. Alimwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari, akilizungusha taratibu ili maji yasifukue mbegu. Kila mwanafunzi ana safu yake, na kila safu ina kibao chenye jina. Walipokwenda kupanda kwenye kingo za kijito, mwinjilisti aliwasimamia mmoja mmoja. Kata kiriba kwa wembe kuanzia chini. Usivute mche kwa shingo. Angalia mizizi, ikiwa imejikunja, ikate ncha, la sivyo mti utajinyonga wenyewe miaka ijayo. Weka shimoni, rudisha udongo wa juu kwanza, kanyaga kwa kisigino, weka matandazo. Kiriba kikatiwa mfukoni na kurudishwa, hakikuachwa hata kimoja.

Kisha nikaona jambo lililonigusa kuliko yote. Mwinjilisti alitoa daftari, akaita majina ya vijana waliopanda masika yaliyopita. Hakuwauliza walipanda mingapi. Aliwauliza ni mingapi iko hai. Kijana mmoja alijibu kwamba mbuzi walikula yake mitatu. Akaambiwa achukue mitatu mingine, na safari hii aizungushie miiba. Mwingine alisema yake imekauka kwa sababu alikuwa shule ya bweni. Mwinjilisti akamuuliza nani aliachiwa kazi. Daftari lile linafuatwa mpaka kipaimara na baada yake, na mti uliokufa unaandikwa kama ulivyo, umekufa.

"Kupanda ni furaha ya saa moja," mwinjilisti aliniambia tulipokuwa tunateremka. "Kiangazi cha kwanza na cha pili, hapo ndipo imani inapopimwa. Mti ukivuka viangazi viwili, Mungu ataendelea nao."

Siku iliyofuata bwana misitu mstaafu, mzee wa kanisa, alinipandisha hadi kwenye mpaka wa hifadhi, mahali ambapo mashamba yanaishia na msitu mkubwa unaanza. Kulikuwa na ukungu mzito. Alisimama chini ya mti wa mseri, akaniambia nisikilize. Hapakuwa na mvua, lakini matone yalikuwa yanadondoka kila mahali. Majani, kuvumwani na ndevu za miti zilikuwa zinakamata ukungu na kuugeuza maji. Nilishika kipande cha kuvumwani shinani, nikakikamua. Maji yalitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Watu wa chini mnadhani mnakunywa theluji," alisema. "Mnakunywa hiki."

Alinieleza jambo ambalo watafiti nao wamelieleza, akiwemo Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi. Barafu ya kileleni huchangia kidogo sana maji ya mito. Kazi kubwa hufanywa na msitu, hasa ukanda wa kati ya mita 1,800 na 3,000 hivi, unaopokea mvua nyingi na kuchuja ukungu. Moto unapopanda kwenye vichaka vya juu na kuuteremsha mpaka wa msitu, mto unapoteza zaidi kuliko unavyopoteza kwa barafu kuyeyuka. Mzee aliukumbuka vizuri moto wa Oktoba 2020 uliowaka upande wao, juu ya njia ya Marangu. Vijana wa vijiji walipanda kusaidia kuuzima kwa matawi na majembe, na akina mama walipika chakula cha wazima moto.

Siku mlima ulipofunguka ilikuwa alfajiri. Mama mchungaji alinigongea dirisha, nikatoka na shuka. Kibo kilikuwa wazi chote, cheupe kwa theluji changa ya usiku, na chini yake mabaki ya barafu ya kale. Mchungaji Johannes Rebmann, mmisionari aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe huo Mei 1848, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Leo hakuna anayebisha ilikuwapo. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ile ilipungua kwa takriban asilimia 85, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Watoto wanaobarikiwa kipaimara mwaka huu watakuwa bado watu wazima wenye nguvu.

Nilisimama pale nikiwa na huzuni, na sioni sababu ya kuificha. Mkristo hatakiwi kujifanya haoni. Zaburi zimejaa vilio, na kilio mbele za Mungu ni sala halali. Barafu hiyo hatuwezi kuirudisha kwa jembe. Moshi unaoipasha dunia joto ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye viwanda na magari ya nchi ambazo wakulima wa Marangu hawajawahi kuziona, na hilo nalo kanisa linapaswa kulisema kwa sauti kila linapokutana na ndugu zake wa nchi tajiri. Lakini mto wetu hautegemei kile tusichoweza kukirudisha. Unategemea msitu, na msitu unaweza kupandwa na binti wa miaka kumi na minne mwenye kopo la matundu. Hapo nikalipata jibu nililokuja kulitafuta. Tumaini la Kikristo halisemi kwamba hakuna kitakachopotea. Linatutuma tufanye kwa uaminifu kile kilichowekwa mikononi mwetu, kwa ajili ya watu ambao hatutawaona.

Sitaki msomaji adhani kule juu ni bustani ya Edeni. Vihamba vimegawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi hadi vingine havitoshi nyumba na zizi. Kuna kahawa iliyong'olewa. Kuna mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi kwa tamaa ya nguzo na kuni, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Vijana wengi wamekwenda Dar es Salaam na Arusha, na vihamba vimeachiwa mabibi, wanaowaona wajukuu Desemba kwa Desemba.

Yule kijana wa bodaboda niliyemwona kanisani alinibeba siku moja hadi Marangu Mtoni, akaniuliza swali la haki. "Mwalimu, miti ya kanisa ni mizuri. Itanilipia ada ya mdogo wangu?" Sikumhubiria. Nililipeleka swali lake kwa mwinjilisti, na mwinjilisti akatupeleka kwa wenzake wawili wanaobebesha miche ya parachichi. Wanaotesha shina la kienyeji, wanakata kikonyo cha aina bora, wanakifunga kwa utepe wa nailoni, wanakifunika hadi kishike, kisha wanauza. Karibu na hapo walikuwa wametundika mizinga ya nyuki kwenye ukingo wa msitu. Kijana aliangalia kwa muda, akauliza bei ya mche, akapiga hesabu kwenye simu. Mwezi uliofuata alinitumia picha ya kitalu chake nyuma ya nyumba ya mama yake. Nimeiona maana yake: ukimwomba kijana autunze mlima huku tumbo lake likiwa tupu, umemtwisha mzigo ambao wewe mwenyewe huubebi. Kanisa linalopanda miti lazima lipande na riziki.

Kuna jambo la pili. Katika mtaa ule alikuwapo mama mjane aliyepanda miringaringa kwenye mpaka wa kihamba alichoachiwa na mumewe. Shemeji zake wakaja juu. Kwa mila, mtu apandaye mti wa miaka mingi anadai ardhi, nao hawakutaka mwanamke adai. Miche ikang'olewa usiku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na wazee wa kanisa walimweleza hivyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Lakini hawakuishia kwenye sheria, maana mama yule ataendelea kuishi na watu hao. Walikaa vikao, wakawasikiliza wote, wakaomba. Mwisho shemeji mkubwa alikuja uani akiwa ameshika jani la sale. Kwa Wachaga, anayekuja na sale anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Mama alilipokea. Miche mipya ilipandwa na mikono ya pande zote mbili, shemeji akichimba mashimo.

Niliiona ile miringaringa ikiwa imefika kiunoni. Tangu hapo siwezi tena kutenganisha haki ya mjane na uhai wa mto. Mama asiye na hakika na ardhi yake hawezi kupanda mti wa miaka thelathini. Atapanda mahindi ya miezi minne. Tukitaka msitu usimame, tumtetee kwanza aliyepanda.

Kabla sijaondoka, mzee wa mfongo alinipeleka kwenye siku ya usafi wa mfereji. Nilikuta watu wa kila namna, Walutheri, Wakatoliki waliotoka upande wa Kilema na kunisalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristo", na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa. Wakazibua tope, wakakata mizizi, wakaziba matundu ya panya kwa udongo na magome ya migomba. Asiyefika hutozwa faini. Mzee alinipa jembe bila kuniuliza natoka kanisa gani. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa dunia, aliandika kwa ajili ya kila mtu anayeishi juu ya sayari hii, si kwa Wakatoliki peke yao. Kwenye tope la mfongo nililiona jambo hilo likifanywa na watu ambao huenda wengi wao hawajausoma waraka huo.

Nilirudi Pangani na miche ya mringaringa niliyopewa zawadi, ingawa nilijua pwani yetu inahitaji mti mwingine. Kwetu kazi ni mikoko. Mikoko ndiyo inayozuia mawimbi, ndiyo inayolea kamba na samaki wachanga, na imekatwa sana kwa kuni na nguzo. Nilisimulia safari yangu kanisani, halafu nikaisimulia barazani. Imamu jirani yetu alisema jambo moja tu: twende lini? Tulikwenda maji yalipokupwa, vijana wa kanisa na wa madrasa pamoja, tukachomeka mbegu za mikoko kwenye tope la ukingo wa mto. Daftari tumeliiga kutoka Marangu, na swali lake ni lile lile: mingapi iko hai? Mbegu nyingi za mwanzo zilisombwa na maji ya bamvua. Tumechomeka nyingine mahali palipo na utulivu zaidi, na hizo zimeshika.

Lawama za barazani zimepungua, ingawa hazijakwisha. Bado kuna wanaochukua maji zaidi ya sehemu yao huko juu, wenye mashamba makubwa na madogo, na hilo linahitaji mamlaka za bonde zitende haki. Lakini sasa mtu akisema "watu wa juu", mimi namwona mwinjilisti na daftari lake, na mama mwenye miringaringa. Namwambia kwamba huko juu kuna watu wanaotuombea kwa majembe.

Naandika haya kwa ajili ya Wakristo wenzangu wa usharika wowote, parokia yoyote, mlimani na bondeni. Matatizo ya zama hizi ni makubwa kuliko mtu mmoja, nayo hayatamalizwa na ibada moja ya kupanda miti. Msiache kuomba. Mkisha kuomba, anzisheni kitalu, mteteeni mjane mwenye shamba, mpeni kijana mche wa kuuza, na andikeni miti iliyo hai badala ya iliyopandwa. Mwaka huu, kabla ya kusajili wanafunzi wa kipaimara, baraza la wazee likae liulizane swali moja: maji yanayopita kwetu yanakwenda kwa nani? Kisha muanzie hapo.